Faili lipo, lakini je, litafunguka? Kukagua mafaili ndani ya programu ya Fortran

Programu yangu ilikokotoa kwa muda wa saa 14, ikafika kwenye kazi ya mwisho kabisa, yaani kuandika majibu, ikafa. Ilichoniachia kwenye skrini ni mstari huu:

```
Cannot open file 'matokeo/mwisho.dat': Permission denied
```

Zile saa ziliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba juu kabisa ya programu nilikuwa nimeweka ukaguzi kwa mkono wangu mwenyewe. Folda ya `matokeo` ipo? Ipo. Faili la `mwisho.dat` la mara iliyopita lipo? Lipo. Basi twende. Sikuuliza kama naruhusiwa kuandika. Mara iliyopita programu ilikuwa imeendeshwa kwa akaunti nyingine, na mafaili yote yakabaki mali ya akaunti hiyo.

Siku hizi nakagua kwa mpangilio tofauti, na ndio nitakaokuonyesha. Mifano ni ya gfortran, kompaila ya bure ya lugha ya Fortran, kwenye Linux. Penye tofauti ninayoijua na kompaila nyingine nitasema.

## Swali la kwanza: lipo?

Fortran ina amri ya kuuliza, `inquire`, na imekuwamo tangu kiwango cha Fortran 77. Huhitaji kufungua faili ili kuitumia:

```fortran
program angalia
  implicit none
  logical :: lipo

  inquire(file='vipimo.txt', exist=lipo)
  if (.not. lipo) then
    print *, 'vipimo.txt halionekani'
    stop 1
  end if
end program angalia
```

Angalia neno nililotumia kwenye ujumbe: "halionekani". Sikuandika "halipo", na nina sababu. Kiwango cha Fortran chenyewe kinasema kwamba faili linaweza kujulikana na mfumo na bado lisiwepo machoni pa programu. Kwenye Linux hali hiyo unaitengeneza kwa urahisi: ondoa ruhusa ya `x` (kwa folda, ni ruhusa ya kupita ndani) kwenye folda, na kila kilichomo ndani kinatoweka kwa programu yako. Faili liko palepale kwenye diski, ila njia ya kulifikia imefungwa, na `exist` inarudisha `.false.` bila kukueleza ni kwa nini.

Sababu nyingine za `.false.` ni za kawaida mno, ila zimenipotezea muda kuliko hiyo ya folda. Njia isiyoanza na `/` huhesabiwa kuanzia kwenye folda uliyosimama unapoiendesha programu, hata kama programu yenyewe imehifadhiwa kwingine. Alama ya `~` (folda yako ya nyumbani) hutafsiriwa na shell, programu inayopokea amri zako, kwa hiyo `file='~/vipimo.txt'` kwa gfortran ni faili ndani ya folda yenye jina la ajabu la `~`. Nafasi tupu za mwishoni mwa jina hupuuzwa, na hilo ni jema kwa sababu vigeu vya herufi vya Fortran hujazwa nafasi hadi mwisho. Lakini nafasi ya mwanzoni huhesabiwa kuwa sehemu ya jina. Ukisoma jina kutoka kwenye faili la mipangilio, lipitishe kwanza kwenye `adjustl`, inayosogeza maandishi kushoto.

Kwa njia za mkato zile za `ln -s`, gfortran huangalia kule zinakoelekea. Ikiwa lengo limefutwa, jibu ni `.false.` hata kama `ls` inakuonyesha jina.

Na folda je? Hapa kompaila hazielewani. gfortran ikiulizwa `exist` kuhusu folda hujibu `.true.`, maana folda nayo ni kitu kilichopo. Kompaila ya Intel hujibu `.false.`, na imeweka nyongeza yake ya `directory=` badala ya `file=` kwa ajili ya folda. Kwa gfortran, ukitaka uhakika kwamba ulichoulizia ni folda kweli, ongeza `/.` mwishoni:

```fortran
inquire(file='matokeo/.', exist=ipo)
```

Kama `matokeo` ni faili la kawaida, jina hilo halifiki popote na jibu ni `.false.`

## Swali la pili: naruhusiwa?

`inquire` ileile ina vibainishi vya `read=`, `write=` na `readwrite=`. Vinarudisha maneno, kwa hiyo andaa vigeu vya herufi:

```fortran
character(len=10) :: soma, andika

inquire(file='vipimo.txt', exist=lipo, read=soma, write=andika)
print *, lipo, ' ', trim(soma), ' ', trim(andika)
```

Majibu yanayowezekana ni matatu: `YES`, `NO` na `UNKNOWN`. Hilo la tatu ndilo watu hulisahau. Kiwango kinairuhusu kompaila kusema "sijui" ikiwa haiwezi kubaini. gfortran huuliza mfumo endeshi moja kwa moja na kurudisha `YES` au `NO`, lakini ukihamia kompaila nyingine usishangae kukutana na `UNKNOWN` kwa faili ambalo bado hujalifungua. Kwa hiyo sharti langu huwa hivi:

```fortran
if (soma == 'NO') stop 'Hakuna ruhusa ya kusoma vipimo.txt'
```

Sharti la `soma /= 'YES'` lingeisimamisha programu kwa jibu la "sijui", na faili lenyewe huenda halina tatizo lolote. Ikiwa jibu ni `UNKNOWN`, iache programu iendelee hadi `open`, huko itajulikana.

Kuna kibainishi kingine kinachovutia kwa jina, `action=`. Kinaonekana kana kwamba kitakwambia unachoruhusiwa kufanya. Kwa faili lisilofunguliwa kinarudisha `UNDEFINED`, basi. Kazi yake ni kueleza namna faili lilivyofunguliwa tayari.

## Faili la mzimu

Kabla ya kufika kwenye njia ninayoipendelea, acha nikueleze kisa cha `deta.txt`.

Nilikuwa na mstari wa kivivu namna hii:

```fortran
open(10, file='deta.txt')
read(10, *) n
```

Faili lenyewe liliitwa `data.txt`. Nilikosea herufi moja. Programu ikasema imefika mwisho wa faili. Nikalifungua `data.txt`, nikaona limejaa namba, nikaanza kuilaumu fomati, mara alama za mwisho wa mstari, mara kompaila. Kumbe `open` isiyo na `status` huchukua `UNKNOWN`, na gfortran ikiona jina halipo inaunda faili jipya tupu. Basi `read` ilikuwa inasoma faili lenye baiti sifuri nililoliunda mwenyewe bila kujua.

Kesho yake ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa nimeongeza `inquire` ili "kuwa salama", na `inquire` ikasema `deta.txt` lipo. Ni kweli, lilikuwapo. Mimi ndiye niliyelizaa jana yake.

Mambo mawili nimeyashika tangu hapo. Faili la kusoma lifunguliwe kwa `status='old'` na `action='read'`, kila mara, hata kwenye programu ya mistari kumi. Pili, ukikagua faili la kuingiza data, uliza na ukubwa wake:

```fortran
integer :: ukubwa

inquire(file='data.txt', exist=lipo, size=ukubwa)
if (lipo .and. ukubwa == 0) print *, 'data.txt ni tupu'
```

`size=` ilikuja na Fortran 2003. Kwa gfortran jibu ni idadi ya baiti, na ikishindwa kujua inarudisha -1. Kwa mafaili makubwa tangaza kigeu kuwa `integer(int64)` kutoka `iso_fortran_env`.

Kuacha `action` nako kuna mtego wake. gfortran hujaribu kwanza kufungua kwa kusoma na kuandika. Ikinyimwa, hujaribu kusoma tu. Ikinyimwa tena, kuandika tu. Maana yake ni kwamba faili usiloruhusiwa kuliandika litafunguka kimya kimya, `iostat` (namba ya hitilafu, sifuri ikiwa hakuna) itakuwa sifuri, na utagundua tatizo mbele kabisa kwenye `write`, pale itakapolalamika `Cannot write to file opened for READ`. Ukiweka `action='write'` unaambiwa mlangoni.

## Fungua kwanza, uliza baadaye

Kati ya `inquire` na `open` kuna muda. Ni mdogo, lakini kwenye seva yenye watu wengi na kazi nyingi zinazokimbia kwa pamoja, faili linaweza kufutwa, kuundwa au kubadilishwa ruhusa ndani ya muda huo. Jibu la `inquire` ni la wakati ulipouliza. `open` peke yake ndiyo inayouliza na kuchukua kwa mpigo mmoja.

Kwa hiyo niligeuza mpangilio. Najaribu kufungua, ikishindikana ndipo namwita `inquire` anisaidie kueleza kilichotokea.

```fortran
module mafaili
  use, intrinsic :: iso_fortran_env, only: error_unit
  implicit none
contains

  subroutine fungua_kusoma(jina, u, sawa)
    character(len=*), intent(in)  :: jina
    integer,          intent(out) :: u
    logical,          intent(out) :: sawa
    character(len=256) :: ujumbe
    integer :: hali
    logical :: lipo

    ujumbe = ''
    open(newunit=u, file=jina, status='old', action='read', &
         iostat=hali, iomsg=ujumbe)
    sawa = (hali == 0)
    if (sawa) return

    inquire(file=jina, exist=lipo)
    if (lipo) then
      write(error_unit,'(2a)') 'Lipo ila halifunguki: ', trim(jina)
    else
      write(error_unit,'(2a)') 'Halionekani: ', trim(jina)
    end if
    write(error_unit,'(2a)') '  mfumo unasema: ', trim(ujumbe)
  end subroutine fungua_kusoma

end module mafaili
```

`newunit=` (Fortran 2008) inakuchagulia namba ya yuniti ambayo haitumiki, ili usigombane na yuniti 10 ya subrutini nyingine. `iomsg=` (Fortran 2003), inayoleta maelezo ya hitilafu kwa maneno, ndiyo yenye thamani kubwa hapa. Haiguswi ikiwa hakuna hitilafu, ndiyo maana naanza kwa kuifuta. Ujumbe unakwenda kwenye `error_unit` kwa sababu mara nyingi matokeo ya kawaida nimeyaelekeza kwenye faili, na sitaki malalamiko yazikwe humo. Ikiwa `sawa` ni `.false.`, usiiguse `u`.

Kuna atakayeshawishika kutumia namba ya `iostat` kutambua sababu. Kwa gfortran kwenye Linux namba hiyo ni ileile ya mfumo endeshi: 2 faili halipo, 13 hakuna ruhusa, 17 tayari lipo, 30 mfumo wa mafaili ni wa kusomwa tu. Inapendeza, hadi uhamie kompaila ya Intel ambako faili lisilopatikana ni 29, kunyimwa ruhusa ni 9, na 30 ni kushindwa kufungua kwa ujumla. Linganisha na sifuri, chapisha `iomsg`, mengine achana nayo.

## Kuandika: jaribu kabla ya kukokotoa

Hii ndiyo ingeniokolea zile saa 14. Faili la matokeo mara nyingi bado halijaundwa, kwa hiyo huwezi kuliulizia ruhusa. Kinachoamua ni folda: kuunda jina jipya kunahitaji `w` na `x` za folda. Dawa ninayoiamini ni kuunda faili dogo la majaribio na kulifuta papo hapo:

```fortran
logical function folda_inaandikika(folda) result(sawa)
  character(len=*), intent(in) :: folda
  character(len=24) :: mkia
  integer :: u, hali, saa

  call system_clock(saa)
  write(mkia,'(i0)') saa
  open(newunit=u, file=trim(folda)//'/.jaribio_'//trim(mkia), &
       status='new', action='write', iostat=hali)
  sawa = (hali == 0)
  if (sawa) close(u, status='delete')
end function folda_inaandikika
```

`status='new'` inakataa ikiwa jina tayari lipo, kwa hiyo huwezi kulikanyaga faili la mtu. Mkia wa saa upo kwa sababu hiyohiyo: toleo langu la kwanza lilitumia jina moja siku zote, programu ikakatika katikati, faili la majaribio likabaki, na kila jaribio lililofuata likasema folda haiandikiki. Ikiwa unaendesha nakala nyingi kwa wakati mmoja, ongeza na namba ya mchakato. Gfortran inaitoa kwa `getpid()`, ambayo ni nyongeza yake.

Ikiwa faili la matokeo tayari lipo na unataka kujua kama utaweza kuliandikia, lifungue hivi na ulifunge bila kuandika kitu:

```fortran
open(newunit=u, file='matokeo/mwisho.dat', status='old', &
     action='write', position='append', iostat=hali)
if (hali == 0) close(u)
```

Tafadhali usijaribu kwa `status='replace'`. gfortran hulimwaga faili pale pale inapolifungua, na utakuwa umethibitisha ruhusa yako ya kuandika kwa kuyafuta matokeo ya jana.

Jaribio likipita, limekuhakikishia ruhusa tu. Diski inaweza kujaa saa ya 13, kwa hiyo `iostat` iwepo pia kwenye `write` za mwisho na kwenye `close`.

## Ruhusa ya kuendesha, na kusoma ruhusa zenyewe

`inquire` haina swali la `x`. gfortran ina funksheni ya ziada, `access`, inayopokea jina na herufi `'r'`, `'w'`, `'x'` au nafasi tupu kwa kuulizia kuwapo. Jibu la 0 ndilo "ndiyo", kinyume na mtu anavyotarajia:

```fortran
if (access('kokotoa.sh', 'x') /= 0) stop 'kokotoa.sh haiendeshiki'
```

Ukitaka kitu kinachohamia kompaila nyingine yoyote kwenye Linux na ndugu zake, ifunge `access` ya C mwenyewe:

```fortran
interface
  function c_access(njia, namna) bind(c, name='access') result(r)
    use, intrinsic :: iso_c_binding, only: c_char, c_int
    character(kind=c_char), intent(in) :: njia(*)
    integer(c_int), value :: namna
    integer(c_int) :: r
  end function c_access
end interface
```

Iite kwa `c_access(trim(jina)//c_null_char, 4_c_int)`, ukikumbuka kuleta `c_int` na `c_null_char` kutoka `iso_c_binding` pale unapoiita. Namba 4 ni kusoma, 2 kuandika, 1 kuendesha, 0 kuwapo tu. Ukisahau `c_null_char`, C itaendelea kusoma kumbukumbu kupita mwisho wa jina, na majibu yatabadilika badilika bila sababu unayoiona.

Na kama unataka kuchapisha ruhusa kama `ls -l` au kujua mwenye faili, gfortran ina `stat`:

```fortran
integer :: v(13), hali

call stat('matokeo/mwisho.dat', v, hali)
if (hali == 0) then
  print '(a,o3.3)', 'ruhusa: ', iand(v(3), int(o'777'))
  print '(a,i0)',   'mwenye: ', v(5)
end if
```

Mimi hii naitumia kwenye ujumbe wa hitilafu tu, ili anayeusoma aone `644` na namba ya mwenye faili. Kuitumia kuamua kama programu inaruhusiwa ni kujitwika hesabu ya mwenye, kundi na wengine, na mfumo unaijua kazi hiyo kukushinda.

## Kuijaribu

Usisubiri tatizo litokee lenyewe, litengeneze kwa `chmod`, amri ya kubadilisha ruhusa:

```
chmod 000 vipimo.txt
chmod 555 matokeo
chmod 600 pembejeo
```

La kwanza linapaswa kukupa "Lipo ila halifunguki". La pili liifanye `folda_inaandikika('matokeo')` kurudisha `F` (yaani `.false.`). La tatu, ukijaribu kusoma `pembejeo/a.txt`, ndilo la kufurahisha: subrutini itasema "Halionekani", na mstari wa chini yake utasema `Permission denied`. Uamini ule wa chini.

Ikiwa hakuna hata jaribio moja linaloshindwa, andika `whoami`. Akaunti ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) hupita juu ya ruhusa za kusoma na kuandika, na ndani ya kontena mara nyingi wewe ni root bila kujua. Nilishawahi kukaa mchana mzima nikitafuta kosa kwenye msimbo ambao haukuwa na kosa. Badili akaunti, jaribu tena, kisha rudisha ruhusa zako: `chmod 644 vipimo.txt` na `chmod 755 matokeo pembejeo`.